Chaja za kutunza betri ya gari la spoti majira ya baridi: ipi inaendelea na kazi umeme ukirudi?

Kila mwezi wa Aprili malalamiko ya Waswahili wanaoishi nchi za theluji ni yale yale. Gari liliingizwa gerejini Novemba, likafunikwa vizuri, likaunganishwa na chaja, mwenyewe akapanda ndege kwenda kula sikukuu Mombasa au Dar. Theluji imeyeyuka, anakanyaga breki, anabonyeza kitufe cha kuwasha: kimya. Chaja iko palepale na taa yake inawaka, lakini betri ina volti 9. Wengi wanailaumu betri. Wananunua mpya, na mwaka unaofuata mambo yanakuwa hivyo hivyo, kwa sababu betri haikuwa na kosa.

Mara nyingi kosa ni la chaja, na ni kosa ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote: umeme ulikatika Desemba kwa dakika tatu, ukarudi, na chaja haikurudi kazini.

Watu wa Dar na Nairobi hawahitaji kufundishwa habari za umeme kukatika. Ajabu ni kwamba wakishahamia Toronto au Minneapolis wanaamini soketi ya ukutani kama dini. Dhoruba ya barafu ikiangusha tawi moja juu ya nyaya, mtaa mzima unazimika huko pia.

Tuanze na hesabu. Gari la kisasa halilali hata ukilizima. King'ora, kipokezi cha rimoti na kompyuta za milango zinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Miliampea 50 ni kiwango ambacho mafundi wengi wanakiona cha kawaida. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme betri inachobeba). Betri ya ampea-saa 70 inafika nusu baada ya mwezi mmoja hivi, na kabla ya mwezi wa pili kwisha imekauka. Hapo ndipo baridi inapomalizia kazi. Betri ya asidi iliyojaa haigandi mpaka kwenye nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, lakini iliyokwisha kabisa inaganda kati ya nyuzi 7 na 10 chini ya sifuri, baridi ambayo Minnesota ni ya kila siku mwezi Januari. Kimiminika ndani kinapanuka, bamba za risasi zinapinda, ganda linapasuka. Ukikuta betri imevimba ubavuni au imeganda, usiichomeke chaja ya aina yoyote. Itoe gerejini.

Sitapoteza muda na vigezo ambavyo kila tovuti inavirudia. Idadi ya "hatua" za kuchaji ni namba ya matangazo. Kasi ya kuchaji nayo, gari linakaa miezi mitano, una haraka gani? Dawa ya petroli, upepo wa matairi, panya, na kutoacha breki ya mkono imefungwa, hayo mnayajua.

Chaja ya leo ina kompyuta ndogo ndani. Umeme ukikatika kompyuta hiyo inazimika, na ukirudi inafanya moja kati ya mambo matatu. Ya kwanza inakumbuka programu uliyoichagua na kuanza tena yenyewe. Ya pili inaanza, lakini kwa programu iliyowekwa kiwandani: wewe uliweka ya AGM (betri ya asidi iliyonyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) yenye volti 14.7, yenyewe inaendelea na ya betri za kawaida, na betri yako inaishi miezi minne bila kushiba. Ya tatu ndiyo muuaji. Inawasha skrini, inaonyesha volti za betri, halafu inasubiri mtu abonyeze kitufe. Skrini inawaka, namba zinaonekana, 12.4, wiki ijayo 12.2, na anayepita kumwangalizia mwenzake gari anaona kila kitu ni shwari. Mbaya zaidi, skrini ya namna hiyo ikichukua umeme wake kwenye betri yenyewe, basi chaja nayo imekuwa mnywaji mwingine.

Jaribio la kugundua tabia hii ni la bure, na lifanywe ndani ya siku za kurudisha bidhaa dukani. Unganisha chaja na betri, chagua programu ambayo siyo ile inayojiwasha yenyewe, iache mpaka taa ya kujaa iwake. Chomoa plagi ukutani kwa dakika 10 bila kugusa nyaya za betri. Chomeka tena, usibonyeze kitu. Taa ya programu ileile ikirudi na baada ya dakika chache mita ikasoma volti 13.2 au zaidi kwenye terminali, chaja imefaulu. Ukiona mita inashuka taratibu kuelekea 12.7, rudisha mzigo. Ukiwa na multimita, pima pia umeme unaorudi nyuma, kutoka betri kwenda chaja: plagi ikiwa nje, weka mita kwenye mkondo wa waya chanya. Miliampea moja au mbili hazina neno. Ukikuta 20 au 30, chaja hiyo inaongeza tatizo.

Kuna mtego mmoja ambao hakuna chaja duniani inayouponya. Soketi nyingi za gereji za Marekani zina kinga ya kuvuja umeme, zile zenye vitufe viwili katikati. Kinga ikiruka, haijirudishi. Na mara nyingi soketi moja yenye vitufe inalinda nyingine kadhaa zisizo navyo, kwa hiyo friji ya zamani au hita iliyo upande wa pili wa ukuta inaweza kuizima chaja yako bila wewe kuelewa kwa nini. Uingereza kinga hiyo huwa kwenye ubao wa fyuzi, lakini matokeo ni hayo hayo. Angalia pia kama soketi imefungwa pamoja na swichi ya taa, maana ukizima taa ukitoka umezima na chaja. Dawa ni kuipa chaja soketi isiyo na mzigo mwingine na kuchomeka hapo king'ora kidogo cha kukatika umeme, au plagi ya Wi-Fi inayotuma ujumbe kwenye simu ikipotea hewani. Ukiwa Kisauni unakunywa madafu, unampigia jirani.

Sasa orodha, na sifichi upendeleo wangu.

Namba moja ni CTEK MXS 5.0 ya Wasweden. Inatoa ampea 5, inachaji betri za ampea-saa 1.2 hadi 110 na kuzitunza mpaka 160. Programu uliyoichagua inabaki hata umeme ukikatika, inaanza tena mzunguko wake kutoka mwanzo na haimsubiri mtu. Ikimaliza kuchaji inashikilia volti 13.6 kwa siku 10, halafu inalala na kuamka kwa vipindi betri inaposhuka. Umeme unaorudi nyuma plagi ikiwa nje ni chini ya ampea-saa 1 kwa mwezi, kwa mujibu wa kiwanda. Lakini kinachonifanya niipende ni kihisi chake cha joto. Betri ya asidi inahitaji takriban volti 0.02 zaidi kwa kila nyuzi joto inayoshuka. Kutoka nyuzi 25 za maabara hadi nyuzi 15 chini ya sifuri za gereji yako, tofauti ni volti 0.8. Chaja isiyojua kuna baridi inaishikilia betri kwenye volti za kiangazi na kuwasha taa ya kijani kwa kujiamini. CTEK inarekebisha, na ina programu ya alama ya theluji ya volti 14.7 kwa AGM na kwa baridi kali. Usiiguse programu ya RECOND gari likiwa limeunganishwa. Inapanda hadi volti 15.8 na ni ya kufufua betri iliyokaa ikiwa imekwisha, siyo ya kulalia msimu. Kasoro ninayoikubali ni kwamba kiwango chake cha chini cha kufanyia kazi ni nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kwa gereji isiyo na joto huko Manitoba, Kanada, basi, ningechukua OptiMate 6 ya TecMate, Wabelgiji, iliyopimwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Utunzaji wake ni wa nusu saa kutoa umeme, nusu saa kupumzika, na katika mapumziko hayo inapima kama betri inaweza kushikilia chaji. Betri iliyooza utaijua Desemba badala ya Aprili. Naiweka ya pili kwa sababu moja tu isiyo ya kiufundi: Afrika Mashariki na hata miji mingi ya Marekani huipati kirahisi, na vipuri vya nyaya zake ni vya kuagiza.

Ya tatu ni NOCO Genius5 kutoka Ohio. Nayo inakumbuka programu, ni ndogo, na bei yake iko chini ya CTEK. Ninachokilalamikia ni kitufe. Programu ya betri za lithiamu iko kwenye mzunguko uleule wa kubonyeza na zile za asidi, na mtu mwenye glavu gerejini gizani anaweza kuichagua bila kujua. Kumbukumbu nzuri inakumbuka hata kosa lako. Ile njia ya kulazimisha betri iliyokufa ichajiwe kutoka volti sifuri nayo inaondoa kinga zote. Usiiache hivyo ukaondoka.

Ya nne ni Battery Tender Plus, ampea 1.25. Haina kitufe, kwa hiyo haina cha kusahau, na kwenye jaribio la kuchomoa plagi inafaulu bila jasho. Shida ni nguvu. Betri ya ampea-saa 70 iliyofika nusu inahitaji 35, yaani saa 28 kwa uchache. Mdogo wake Junior, wa ampea 0.75, anahitaji karibu siku mbili kamili. Zote mbili zinataka kuikuta betri ina angalau volti 3 ndipo zianze. Kama gari linaingia na betri iliyojaa, Plus inatosha.

Za bei ya chini kabisa, zenye skrini ya rangi na majina yanayobadilika kila mwezi, sina mengi. Nyingi ni za tabia ya tatu. Ile ya kizamani yenye transfoma nzito isiyo na akili itakumbuka umeme ukirudi, ndiyo, halafu itachemsha betri yako mpaka maji yakauke.

Lithiamu ni habari nyingine. Baadhi ya Porsche za GT zimeuzwa na betri ya lithiamu kama nyongeza. Hiyo inataka chaja yake, kama CTEK Lithium XS, kwa sababu mapigo ya umeme ambayo chaja za asidi hutumia kuondoa salfeti (ukoko unaoganda kwenye bamba za risasi) ni sumu kwake, na haifai kuchajiwa chini ya sifuri. Wengi wanaitoa garini na kuiweka ndani ya nyumba, na wana akili.

Kuhusu kuunganisha, sahau vibano kwa msimu mzima. Nunua waya wenye pete za kufungwa kwenye terminali, wenye fyuzi karibu na upande wa chanya, na upitishe pembeni palipo na raba laini ili boneti isiukate. Unganisha upande wa betri kwanza, plagi ya ukutani mwisho, na kutoa ni kinyume chake. Kwenye BMW na Wajerumani wengi kuna kihisi kwenye terminali ya hasi: funga hasi kwenye bodi, la sivyo kompyuta haihesabu chaji uliyoingiza. Soketi ya kiberiti haifai, kwani magari mengi yanaikata ukizima gari. Mazda MX-5 za vizazi viwili vya kwanza zina betri ndani ya buti, kwa hiyo hakikisha mirija ya gesi imeunganishwa. Na wenye Porsche 911 ya kizazi cha 997, betri iko chini ya boneti ya mbele, boneti inafunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, mlango wa kuifikia umefungwa nayo. Kuna terminali nyekundu ya kuvuta kwenye boksi la fyuzi miguuni mwa dereva: unaipa volti 12 kutoka nje, hasi kwenye komeo la mlango, king'ora kinalia, boneti inafunguka. Fanya jaribio la plagi kabla hujafika huko.

Sasa wauzaji. CTEK inatengeneza chaja kwa ajili ya kampuni kadhaa za magari ya kifahari. Ukienda kwa wakala wa gari lako utakuta chaja ileile ndani ya ganda lenye nembo ya farasi au ngao, kwa bei ya kutia huzuni. Unalipia kibandiko, na kibandiko hakichaji kitu. Kisha kuna wale wa mtandaoni wanaopandisha bei Oktoba ili Novemba waandike "punguzo". Angalia bei za Juni, ndipo ununue. Muulize muuzaji swali moja: umeme ukikatika kisha ukirudi, chaja inafanya nini? Akianza kukutajia idadi ya hatua, hajui anachouza.

Na kabla ya kumtumia ndugu chaja ya Marekani nyumbani, soma nyuma yake. MXS 5.0 ya huko ni ya volti 110 hadi 120 pekee. Ikichomekwa kwenye volti 240 za Tanga itatoa moshi, na dhamana ya miaka 5 haitakujua.