Grenda gani ununue kwa kazi ya kutu, Unguja na Pemba

Geti letu la Mtoni linaitazama bahari, na kila kusi likipita rangi yake hututumka kama mkate wa kumimina. Miaka mingi nilikuwa nakwangua kwa brashi ya mkono, napaka, na mwaka ukizunguka kutu ni ile ile. Siku nilipoazima grenda ya jirani ndipo nilipojua kumbe nilikuwa naipaka kutu rangi. Tangu hapo nimenunua mashine tatu, moja kwa ujinga wangu. Nazipanga hapa kuanzia ya kutolea pesa mpaka ya kuiacha dukani.

1. Grenda ya umeme ya inchi 4½

Hii ni ya diski ya milimita 115. Wati 750 hadi 900 zinatosha kwa geti, grili za madirisha, nanga, hata bodi ya Vespa. Ukipata yenye kidude cha kupunguza mwendo, ongeza pesa uichukue. Grenda ya kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo bati jembamba hupata moto, likageuka buluu na kujikunja. Umeme usikutishe: saa nzima ya kusaga haifiki yuniti moja ya Tukuza.

Darajani na Mwanakwerekwe utaonyeshwa pia ya inchi 4. Si mbaya, lakini tundu la diski yake ni milimita 16, na la 4½ ni 22. Diski ya 22 ukiivisha kwenye ya 16 itacheza, na diski inayocheza si ya kuchezea. Kama uko Wete au Mkoani, pita kwanza madukani uone diski zipi zinauzwa hapo kwenu, ndipo uchague mashine.

Maana diski ndiyo inayofanya kazi. Ile nene ngumu ya milimita 6 ni ya kusawazishia weldi. Kwenye kutu inakula chuma na kuacha mashimo. Kwa sehemu pana chukua diski ya majani ya msasa, namba 60 au 80, uilaze kidogo tu na usiikandamize. Kwa kona, mapambo ya geti na mishono ya weldi, kikombe cha waya.

Hicho kikombe kina hila mbili. Kwanza, huisugua kutu ikang'aa kahawia, ukadhani umefika kwenye chuma. Pitisha msasa wa mkono: chuma ni cheupe, hakina uwekundu. Pili, hutema nyaya. Mimi nilivua shati jioni nikakuta nyaya nne zimesimama kifuani kama miiba ya changu, na mmoja ulikuwa umeshaingia ngozini. Miwani ya jua haitoshi. Nunua ile inayofunga pembeni, siku hiyo hiyo unayonunua mashine.

Na sisi wa pwani tuna jambo letu: osha chuma kwa maji baridi ya bomba, yasiyo na chumvi, ukiache kikauke, ndipo usage. Bila hivyo unaichapa chumvi ndani ya vitundu vya chuma. Ukishamaliza, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Chuma kilicho uchi kikilala nje Mtoni, asubuhi kimeshaanza kuwa chekundu.

2. Drili uliyonayo, na brashi ya waya

Kama drili ipo nyumbani na kazi ni bawaba mbili na kiti cha chuma, nunua brashi tu. Ni polepole, lakini haikurukii. Geti zima usijaribu, utaiunguza mota.

3. Grenda ya betri

Raha yake ni kule usikofika waya: chombo kilichopandishwa pwani Nungwi au Kojani, tangi juu ya paa. Lakini piga hesabu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72, na ukiibana kazini ni dakika kumi na kidogo. Bila betri mbili utakaa kivulini unangoja chaji. Betri zenyewe ndizo ghali, kwa hiyo ichukue ikiwa tayari una drili ya kampuni ile ile inayotumia betri hizo.

4. Grenda ya mezani

Ya kunolea mapanga na patasi. Geti huwezi kulipeleka mezani.

5. Ile ya inchi 9

Huu ndio ujinga wangu. Muuzaji aliniambia, "Ami, chukua kubwa, kazi moja kwa moja." Nikachukua. Ina uzito wa mtoto mchanga, na mara ya pili kuiwasha iliruka ikachimba mfereji kwenye nguzo ya geti. Sasa iko kwa shemeji yangu, anakatia nondo, wanaelewana.

Afadhali hiyo kuliko mchezo wa baadhi ya mafundi wetu: kuvua kinga ya grenda ndogo ili diski ya inchi 7 ienee. Diski hiyo imetengenezwa kwa mizunguko 8,500 kwa dakika, wewe unaipa 11,000. Ikipasuka, vipande havichagui.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomeke. Isikilize: mlio wa kukwaruza maana yake bearingi mbovu. Ikishachomolewa, shika shina la diski, ulitikise, lisicheze. Uliza kaboni za akiba, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, maana hizo ndizo zitakazokwisha kwanza. Swichi iwe ile inayozima ukiiachia. Na diski ngumu, za kusagia au kukatia, tazama pete ya chuma katikati: nyingi zimechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, maana gundi yake huchoka kwa unyevu. Iliyopitwa na tarehe mrudishie, hata akikupa kwa nusu bei.