Kutua kwa kisigino au kwa mbele ya wayo: kipi afadhali?

Ukikimbia, kila hatua ardhi inakurudishia nguvu ya takriban mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Namna ya kutua haiiondoi, inaihamisha tu.

Kisigino kinalemea zaidi goti, na mshtuko wa ghafla unapanda muundini. Kwenye lami bila viatu vyenye soli nene utausikia hasa. Kutua kwa mbele kunapunguza mshtuko huo, ila shavu la mguu na kano ya kisigino ndivyo vinavyolipa, tena kwa wiki kadhaa ukibadili ghafla.

Eti wanaokimbia pekupeku hutua kwa mbele? Wadaasanach, jamii ya kaskazini mwa Kenya iliyozoea kwenda pekupeku, wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida, wengi hutanguliza kisigino.

Goti likikusumbua, jaribu mbele, taratibu. Kano ikiuma, baki na kisigino. Huumwi popote? Usibadili kitu.