Seti ya jeti kwenye kabureta ya DR650: uzoefu wangu baada ya kubadili ekzosi na filta

Kwa siku kumi za mwanzo niliamini kabisa kwamba pikipiki imeongezeka nguvu. Nilikuwa nimefunga ekzosi iliyo wazi kuliko ya kiwandani, nimetoa filta ya zamani na kuweka ya sponji inayopitisha hewa kwa wepesi, na juu ya kasha la filta nimekata tundu la kuingiza hewa zaidi. Inanguruma mpaka kifua kinatetema. Siku ya kumi na moja nikatoka na rafiki yangu mwenye pikipiki kama hiyo hiyo, ambayo haijaguswa hata skurubu moja. Tukiwa sambamba kwenye kilomita 80 kwa saa tukafungua resi pamoja. Akaniacha, tena bila kuhangaika. Kelele zote zilikuwa zangu, mwendo ukawa wake.

Ni Suzuki DR650, silinda moja, 644 cc, na kabureta yake, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ni Mikuni BST40. Ninayoisimulia hapa ni seti ya jeti (vipande vidogo vyenye tundu linalopima mafuta ndani ya kabureta) niliyoinunua kurekebisha fujo niliyoifanya kwa mikono yangu. Jina la kampuni naliacha, maana nitailaumu kidogo na kuisifu kidogo, na malalamiko yangu mengine pengine yanatokana na mimi mwenyewe kusoma maelekezo nikiwa na haraka.

Kwa asiyejua kwa nini niliachwa: kabureta haijui kwamba umenunua ekzosi. Jeti ina tundu la ukubwa uleule ililotoka nalo kiwandani. Hewa inapoongezeka na njia ya mafuta kubaki ilivyo, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo. Na wa kiwandani tayari huwa umekaa upande wa ukavu kwa sababu ya sheria za moshi, hivyo ulichobakiwa nacho cha kuchezea ni kidogo. Kimahesabu, kilo moja ya petroli inaungua kikamilifu na kilo 14.7 za hewa, lakini injini hutoa nguvu zake zote ikipewa mafuta zaidi ya hapo, karibu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya mafuta. Mimi nilikuwa mbali na huko. Plagi ilitoka nyeupe kama chokaa, bomba lilianza kugeuka buluu pale linapotoka kwenye injini, na ukishika mwendo wa kawaida bila kubadilisha resi, pikipiki inajisukuma na kujirudisha, inajisukuma na kujirudisha, kama punda asiyetaka kwenda.

Ndani ya boksi kulikuwa na jeti kubwa tatu, sindano yenye mikato mitano ya klipu (inapanda na kushuka kwenye njia ya mafuta; sindano iliyokuwa kwenye pikipiki yangu ina mkato mmoja tu, maana yake huwezi kuipandisha wala kuishusha), klipu mbili, washa ndogo, springi laini ya pistoni ya kabureta, na keekee mbili: moja ya kutoboa kizibo cha shaba kilichofunika skurubu ya mchanganyiko, nyingine ya kupanua tundu la pistoni. Na karatasi ya maelekezo, ambayo nitairudia.

Kabla ya kufungua chochote, shauri moja. Skurubu za kabureta za Kijapani zinafanana na za nyota, lakini si zile. Ni za kiwango cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani), na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai hadi chini. Ukikaza mkono inapanda na kula kichwa cha skurubu. Niliharibu mbili za bakuli la boya (sehemu ya chini ya kabureta inayokaa mafuta) kabla ya kuelewa. Tafuta bisibisi ya JIS, au badilisha skurubu zote uweke za kichwa cha alen. Ni kitu kidogo lakini utafungua bakuli hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Mimi nimelifungua mara kumi na moja.

Kizibo cha shaba nacho kinataka roho ya utulivu. Keekee ikishapenya, isukume kidogo tu zaidi na utakuwa umechimba kichwa cha skurubu iliyo nyuma yake. Nilizungushia keekee utepe kama alama ya kina, nikatoboa polepole, kisha nikang'oa kizibo kwa skurubu ya mbao. Ukiitoa ile skurubu ya mchanganyiko, hesabu vitu vinavyotoka nayo: springi, washa, na oringi ndogo kama mbegu ya mtama. Yangu ilibaki ndani, nikadhani haipo, nikafunga bila kuiangalia, na jioni nzima ikapotea nikishangaa kwa nini skurubu haileti tofauti yoyote.

Sasa ile karatasi. Ilisema: weka jeti ya kati, klipu mkato wa tatu, skurubu raundi mbili na nusu kutoka ilipokaza, ondoka. Nilifuata neno kwa neno. Pikipiki iliwaka kwa urahisi kuliko ilivyowahi kuwaka, ikapendeza ikiwa sailensi (inanguruma bila resi), na nikifungua resi yote inazama. Inatoa sauti nzito ya kugugumia, inanuka petroli, haipandi. Mafuta yamezidi. Nikasema basi, nitashusha sindano mkato mmoja. Hapo nilifanya makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, nilishusha klipu. Klipu ikishuka, sindano inapanda, na mafuta yanaongezeka. Ukitaka kupunguza unapandisha klipu kuelekea kwenye ncha butu. Karatasi ilisema "hesabu kutoka juu" bila mchoro, na mimi juu yangu ilikuwa ncha kali kwa sababu ndivyo nilivyoishika mkononi. La pili lilikuwa kubwa zaidi: tatizo la resi yote halitibiwi kwa sindano.

Hili ndilo ningependa karatasi ile ilieleze kwenye mstari wake wa kwanza. Kutoka resi imefungwa hadi kama robo, anayetawala ni jeti ndogo (jeti nyingine ya kabureta, tofauti na ile kubwa) pamoja na skurubu ya mchanganyiko. Robo hadi robo tatu ni sindano. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Zinaingiliana pembezoni, lakini mpangilio ni huo. Na hapa hauangalii mita ya mwendo wala mzunguko wa injini, unaangalia mkono wa resi umefunguliwa kiasi gani. Nilibandika utepe mweupe kwenye mkono wa resi na mwingine kwenye kasha lake, nikachora mistari ya robo, nusu na robo tatu. Utepe huo ulinisaidia kuliko kila kitu kilichokuwa ndani ya boksi. Kabla yake nilikuwa nasema "ikichanganya inakosa", sentensi ambayo haimwambii mtu chochote. Baada yake nikaanza kusema "kwenye nusu iko sawa, ikipita robo tatu inazama", na hapo jibu linajitokeza lenyewe.

Nikarudisha klipu mkato wa tatu, nikaweka ile yenye tundu dogo kuliko zote kati ya jeti kubwa tatu. Ikawa nafuu, bado nzito (mafuta yamezidi). Seti haina ndogo zaidi ya hiyo. Na hapa ndipo lawama yangu kuu: namba zilizoandikwa kwenye jeti zao si za Mikuni. Ni hesabu yao wenyewe, kwa hiyo huwezi kwenda kununua "namba moja chini" popote ukapata unachokitaka. Niliishia kununua jeti halisi za Mikuni, 145 na 150, nikaanza upya kutoka kwenye 140 ya kiwandani ili nijue niko wapi. Ukiamua kufanya hivi, usichanganye pia za Mikuni na za Keihin (kampuni nyingine ya kabureta) kwa kuangalia namba, kwani nazo hazipimwi kwa namna moja. Kwangu 150 ndiyo iliyokubali. Pikipiki inavuta hadi mwisho bila kugugumia, na nikipunguza resi kidogo kutoka mwisho haipati nguvu ya ghafla (ikipata, ni dalili kwamba jeti kubwa bado ni kavu).

Kupanua tundu la pistoni sikukubali haraka, maana tundu ulilolipanua halirudi. Katika kabureta ya aina hii wewe hufungui njia ya mafuta moja kwa moja. Mkono wako unafungua kipepeo tu, kisha mvuto wa hewa unapita kwenye tundu hilo na kuinyanyua pistoni kwa msaada wa diaframu ya mpira. Tundu likiwa kubwa, pistoni inapanda haraka. Nilitafuta pistoni iliyotumika, nikaitoboa hiyo, nikajaribu. Kwenye resi ya katikati inaitika haraka kweli, lakini ukiwa kwenye mzunguko mdogo ukaifungua ghafla inashtuka na kukaba, kwa sababu hewa inaingia yote kabla mafuta hayajafika. Kwenye njia za mawe, ninakopanda mara nyingi, sikuipenda. Nimerudisha ya zamani na springi yake ya zamani. Wako wanaoisifu, na nadhani kwa lami na mwendo mkali wana haki.

Kisha yakaja mapigo ya ekzosi. Kila nikifunga resi kwenye mteremko: pa, pa-pa, pa. Kila mtu ataambiwa hiyo ni ukavu kwenye jeti ndogo, na mara nyingi ni kweli. Nikafungua skurubu ya mchanganyiko robo, nusu, raundi nzima. (Kwenye kabureta hii skurubu iko upande wa injini na inapima mafuta, hivyo kuifungua ni kuongeza. Zile zenye skurubu upande wa filta hupima hewa, na kuifungua ni kupunguza mafuta. Kagua kwanza iko upande gani.) Pikipiki ikaanza kunuka na plagi ikawa nyeusi, na mapigo yakaendelea vilevile. Wiki nzima. Mwishowe nikapitisha kiganja karibu na maungio ya bomba, injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka na bomba halijapata moto, nikasikia pumzi. Gasketi ya ekzosi mpya haikukaa sawa. Hewa ilikuwa inaingia pale na kuwasha mafuta yaliyobaki ndani ya bomba. Gasketi mpya, nati zikakazwa kwa zamu, mapigo yakaisha, na skurubu ikarudi karibu kabisa na pale karatasi iliposema. Kwa hili, karatasi naiomba radhi.

Ndipo nikakata shauri kununua kihisi cha oksijeni chenye saa yake ya kusoma mchanganyiko. Bomba lilichomelewa nati ya kukishikia, kwa juu na kwa kuinama, ili maji ya mvuke yasitulie kwenye kihisi na kukiua. Nilichojifunza siku ya kwanza ni kwamba sikio langu na plagi vilikuwa vimenifikisha karibu, isipokuwa sehemu moja: kwenye robo hadi nusu ya resi nilikuwa bado zaidi ya 15. Na hapo ndipo ninapoishi! Resi yote naifungua labda dakika mbili kwa saa. Siku zote nilizopoteza kwenye jeti kubwa nilikuwa nashughulikia hizo dakika mbili. Klipu mkato wa nne, ikashuka hadi 13.5, na ule mwendo wa punda ukatoweka kabisa. Injini pia sasa haichemki kama mwanzo nikiwa taratibu kwenye mchanga.

Kihisi nacho kinadanganya. Pikipiki ikiwa sailensi, hewa ya nje inarudi nyuma kupitia mdomo wa ekzosi fupi na saa inaonyesha ukavu usiokuwepo. Hapo niliamini sikio. Na kama maungio ya bomba yanavuja, kama yangu yalivyokuwa, namba zote ni za uongo.

Nimeipandisha pia milimani, juu ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, mchanganyiko uleule unakuwa mzito, na ile 150 ilianza kuzama tena kwenye resi yote. 145 ingefaa zaidi. Kwa safari ya siku mbili sikufungua kitu, nilivumilia.

Swali ambalo nimeshaulizwa mara tatu: vipi kuondoa kasha lote na kuvalisha kabureta filta ya umbo la koni? Kwa kabureta ya diaframu mimi singefanya. Pistoni inategemea hewa tulivu kutoka ndani ya kasha ili ipande kwa mpangilio. Ukiliondoa, upepo wa pembeni tu unatosha kubadilisha unachokipima, na utatyuni hadi uchoke.

Mafuta: zamani nilikuwa napata kilomita 21 kwa lita, sasa 19. Rafiki yangu tumerudia naye mbio zile za 80. Nilimpita, si kwa mbali, urefu wa pikipiki mbili hivi kabla hajapunguza.

Seti yenyewe naipa tatu kati ya tano. Sindano ni nzuri sana, na peke yake inastahili ununuzi. Jeti sikubaki nazo hata moja, springi iko kwenye droo, na keekee ya pistoni bora wangeiacha. Kama unaweza kupata sindano yenye mikato pamoja na jeti halisi tatu za Mikuni kwa kununua kimoja kimoja, fanya hivyo, na kinachobaki kiweke kwenye bisibisi ya JIS na gasketi mpya ya ekzosi. Kwangu sasa ni 150, mkato wa nne kutoka ncha butu, skurubu raundi mbili na robo. Ile 145 nimeifunga kwenye kimfuko chini ya kiti, kwa safari ijayo ya mlimani.