Puti ya akriliki kwa nyufa za ndani: nimeitumia mwaka mzima

Methali ya kuziba ufa ndiyo iliyoniponza. Kila nilipoona mstari ukutani nilikoroga puti ya jasi, nikaziba, nikapaka rangi. Baada ya miezi michache mstari unarudi palepale, mara nyingine umeleta na mwenzake. Mwaka jana nikanunua puti ya akriliki, ile laini ya kwenye mrija inayokamuliwa kwa bunduki yake, nikitaka kumaliza nayo nyufa zote za nyumba.

Pale dari inapokutana na ukuta naipa alama zote. Dari yangu ni bodi za jipsamu zilizofungwa kwenye mbao, ukuta ni tofali na plasta. Joto likibadilika, au mbao zikinyonya unyevu, kila kimoja kinasogea kivyake. Puti ya jasi ikishakauka ni ngumu kama chaki, ikivutwa inapasuka tu. Akriliki inavutika na kurudi. Nilisafisha vumbi kwa brashi, nikakamua, nikalainisha kwa kidole kilicholowa maji, basi. Mpaka leo hakuna mstari. Ila usichukue silikoni ukidhani ni kitu kilekile. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, na kuibandua utajuta.

Katikati ya dari imeniangusha. Kule ufa ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, maana aliyefunga dari hakuweka tepu kwenye maungio ya bodi. Nilikamulia akriliki, ikadidimia ilipokauka. Nikaongeza, nikapiga msasa: haisagiki, inaviringika kama raba. Taa ikiwashwa usiku kovu lote unaliona. Nikakwangua, nikarudi kwa jasi niliyokuwa nimeitukana: tepu ya karatasi kwenye maungio, kisha puti mikono mitatu, kila mkono mpana kuliko uliotangulia na kila mmoja ukauke kwanza. Pametulia.

Ufa wa tatu ulishuka mshazari kutoka kona ya dirisha, upana kama milimita 2. Huu nashukuru sikuukimbilia na mrija. Niliweka alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Wiki sita baadaye ulikuwa umepita alama kwa vidole viwili. Kutoka nje nikakuta bomba la maji ya mvua limekatika, maji yanamwagika kwenye msingi wa kona hiyohiyo. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukuta unafuata. Nilitengeneza bomba, nikasubiri mvua na kiangazi vipite, ufa haukuongezeka tena. Ndipo nilipoupanua kwa patasi, nikaulowesha, nikauziba kwa plasta. Akriliki haikugusa hapo. Na kama ungekuwa umezidi milimita 5, au mlango wa karibu umeanza kukwama, ningemwita mhandisi kabla ya kugusa chochote.

Kwa hiyo nyota nne, kwa kazi ya pembeni mwa dari tu. Ya tano naizuia kwa sababu ya mrija: haukuja na kifuniko, nikauziba kwa msumari, na nusu iliyobaki imegandia humohumo.