Uzoefu wangu: tuta la mboga la mbao za dawa, Bugarika

Kwetu Bugarika ukipiga jembe unakutana na jiwe. Wageni wanayapiga picha mawe haya ya Mwanza, lakini mchicha hauoti juu ya jabali. Ndiyo maana nikajenga tuta la mbao, na hili ni la pili. La kwanza nilitumia paina ya kawaida. Masika yalipoisha nikagusa ubao wa chini kwa mguu, ukabomoka. Mchwa walishakula ndani yote, wakaacha ganda.

Safari hii nilinunua mbao zilizotiwa dawa: nne, za inchi mbili kwa sita, urefu futi 12. Kila moja fundi aliikata futi 8 na futi 4, tukapata safu mbili, kimo cha futi moja. Upana wa futi 4 unanitosha. Mkono unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Bei iliniuma kidogo, sikatai.

Ukienda kununua, omba wakukatie ncha kwanza. Ubao wangu mmoja ulikuwa kijani nje, ndani mweupe kabisa. Ulikuwa umepakwa rangi tu! Kiini cha paina hakinywi dawa vizuri, hilo ni la kawaida, ila sehemu ya nje ya mti inatakiwa iwe imekolea kwa kina. Muuzaji alinibadilishia bila ugomvi, lakini nisingekata nisingejua.

Jambo lililonikosesha usingizi ni dawa yenyewe. Nikamuuliza, "Kaka, hii ni dawa gani?" Akajibu, "Dada yangu, hiyo ni ya mchwa." Jibu hilo halikunitosha, maana mboga hizi wanakula wanangu. Ule ukijani unatokana na shaba. Kuna dawa ya zamani inayochanganya shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani waliacha kuitumia kwa mbao za kawaida za nyumbani tangu mwisho wa 2003. Kuna nyingine zina shaba bila aseniki. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo nikachukulia kwamba yangu ni ile mbaya.

Upande wa ndani nikazungushia nailoni nzito nyeusi, ile inayotandazwa chini ya zege, nikaipiga pini juu tu. Chini nimeacha wazi ili maji yatoke. Karoti sipandi humo, kwa sababu aseniki ikiwepo hubaki zaidi kwenye mizizi na kwenye udongo unaong'ang'ania mizizi. Napanda sukuma wiki, mchicha na mnafu, na kila jani naliosha vizuri. Jirani alinishauri nipake oili chafu badala ya kugharamia mbao hizi. Nilimshukuru, lakini oili ya injini siiweki karibu na chakula.

Misumari iwe iliyopakwa zinki, kwa sababu shaba ya kwenye dawa inakula chuma kitupu.

Udongo ulipanda kilima mabegani mwa vijana, viroba 16, nikachanganya na samadi iliyooza na pumba za mpunga. Hapo ndipo nilipokosea: vigingi niliweka kwenye pembe tu. Mvua kubwa ya kwanza udongo ukalowa, ubavu mrefu ukatuna kama tumbo. Ilibidi nipunguze udongo, nipigilie kigingi katikati ya kila ubavu na kuvifunga kwa waya unaopita chini ya udongo. Fanya hivyo kabla ya kujaza. Kuku nimewazuia kwa wavu kuukuu wa dagaa niliopewa na mvuvi kule mwaloni.

Huu ni mwaka wa pili. Mchwa wamejenga njia yao hadi kwenye ubao, wakaishia hapo. Safu ya chini naigonga kwa nyundo na inalia ngumu.

Vipande vilivyobaki vya vigingi, navyo vya mbao za dawa, mama mkwe alivikusanya aongezee kuni za jioni. Nilimwomba radhi, nikavitoa jikoni. Moshi wake ni hatari, na majivu yake pia, hata kwa kumwagia bustanini.