Mbegu za mikoko za vitalu vya Pemba: nzuri, ila uliza pa kupanda

Mbegu za mkoko zinazouzwa na vikundi vya vitalu ni nzima, ndefu, zimekomaa. Zenye matundu ya wadudu zirudishe. Chomeka theluthi ya urefu topeni, ncha iliyochongoka chini, mita 1 baina ya mche na mche, maji mafu (siku za maji kujaa na kupwa kidogo) yakianza, ili bamvua (siku za maji makubwa) isizing'oe kabla hazijashika.

Kasoro kubwa: wauzaji hawaulizi utapanda wapi. Ufukwe wa mbele unaopigwa na mawimbi ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko. Mkoko hapo hufa. Kisha watu husema bahari itatumeza tu, kupanda kazi bure. Inauma, kwani kilichokosewa ni mahali, na kuchagua mahali ni jukumu letu.

Mchu, aina nyingine tena, nunua wa kwenye kiriba (kifuko cha mche), mbegu zake ndogo huchukuliwa na maji.