Kumhasi sungura dume: upasuaji mzuri, maelekezo pungufu

Kumpata daktari wa mifugo aliyezoea kumhasi sungura hapa Dar es Salaam si kazi nyepesi, kwa sababu wengi wanaofuga sungura hufuga kwa ajili ya kitoweo, na dume msumbufu huishia jikoni. Dume wangu alipovuka umri wa miezi minne alianza kurusha mkojo, kuzunguka miguu ya watu huku akikoroma, na kupanda viatu, mito na hata mikono ya mgeni. Jike tuliyemwandalia kuwa mwenzake ilibidi akae chumba kingine. Nilimpeleka katika kliniki ya wanyama wadogo niliyoelekezwa na mfugaji mwenzangu, na tathmini hii inahusu huduma yao yote, kuanzia upasuaji hadi wiki zilizofuata, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoipima kliniki.

Kuhusu upasuaji sina lawama. Waliposema nisimnyime chakula kabla ya kumleta, nilijua wanaelewa wanachokifanya, kwani sungura hawezi kutapika na tumbo lake likikaa tupu kwa saa nyingi linaweza kusimama kufanya kazi, jambo ambalo humwua upesi kuliko kidonda. Walimpima uzito kwa makini kabla ya kumpa nusukaputi, na daktari alinieleza kwamba upenyo wa kinena ambao korodani hupitia haufungiki kwa sungura hata akishakomaa, hivyo yeye huufunga ili utumbo usije ukateremka. Nilipewa meloksikamu ya matone kwa ajili ya maumivu, na sikuandikiwa amoksilini ya kunywa, ambayo huangamiza bakteria wema wa utumbo wa sungura na bado hutolewa ovyo na wasiojua. Jioni hiyohiyo alikuwa anatafuna nyasi.

Upungufu ulikuwa katika karatasi ya maelekezo, ambayo kwa hakika iliandikwa kwa ajili ya paka. Ilishauri avishwe kola ya plastiki, ilhali sungura aliyevishwa kola hawezi kula kinyesi chake laini, ambacho ni sehemu ya lishe yake. Ilisema, na hili ni sahihi, kwamba dume aliyehasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki 4 hadi 6 kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki mwilini. Lakini kuhusu tabia ya kupanda haikuwa na neno hata moja. Mteja anayelipa gharama kubwa akitarajia utulivu anastahili kuambiwa mapema kwamba homoni hupungua polepole, na kwamba kupanda si suala la homoni peke yake.

Maelezo hayo niliyapata kwa simu, baada ya muda wa kuwatenga kwisha na dume kuanza kumpanda jike mara tu walipokutanishwa. Hapo ndipo huduma yao iliponiridhisha zaidi. Daktari alifafanua kwamba sungura wawili wanaokutanishwa hupandana ili kupanga nani mkubwa, na kwamba hata majike hufanya hivyo, kwa hiyo kumpiga au kumfokea dume hakusaidii kitu. Alishauri wakutane mahali ambapo hakuna hata mmoja wao amepazoea, kwa muda mfupi, mtu akiwa karibu. Ikiwa jike anatulia na dume anashuka baada ya sekunde chache, waachwe. Akipanda kutoka upande wa kichwa aondolewe mara moja, kwa sababu jike anaweza kumng'ata sehemu za siri na kumjeruhi vibaya. Jike akikimbizwa bila kupumzika, au manyoya yakianza kung'olewa, warudishwe kila mmoja kwenye kizimba chake, vizimba vikiwa bega kwa bega ili waendelee kunusana kupitia wavu. Boksi la karatasi lenye milango miwili, nyasi nyingi na nafasi ya kukimbia vilisaidia kuliko nilivyodhani. Mdoli wa manyoya niliomletea badala ya mikono yetu aliupuuza kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelijua bila simu ile. Jike wa sungura hupevusha yai kutokana na kupandwa kwenyewe, kwa hiyo hata dume aliyehasiwa anaweza kumsababishia mimba ya uongo, ambayo hudumu takriban siku 16 hadi 18 huku jike akijing'oa manyoya ya kifuani kutengeneza kiota na kuwa mkali. Wangu alifanya hivyo hasa. Daktari alipendekeza naye atolewe kizazi, akitaja pia saratani ya mji wa mimba, ambayo huwapata sana majike wanaozeeka na vizazi vyao; pendekezo hilo nimelikubali, na atafanyiwa hapohapo.

Kupandana sasa kumepungua, ingawa hakujakoma, na huonekana zaidi asubuhi kabla hawajala. Kwa anayefikiria kwenda, gharama ni kubwa kuliko ya kumhasi paka dume, na ni lazima uweke miadi mapema na kuuliza kama daktari wa sungura atakuwepo siku hiyo. Beba nyasi zako, kwani kliniki haina, na mnyama anapaswa kula mara anapozinduka.